Je, wajua kwa nini kitanda cha hoteli hutandikwa kitambaa miguuni?

Ukifungua mlango wa chumba cha hoteli, macho hutua kitandani kwanza. Shuka nyeupe, duveti nyeupe, mito minne myeupe, na kule upande wa miguu kitambaa chembamba cha rangi kimelazwa kutoka ubavu huu hadi ule. Upana wake ni kama sentimita 50 hadi 70, kwa hiyo hakimfuniki mtu wala hakimpi joto. Wengi wetu hukivuta tukakitupia kitini, tukalala. Wahudumu wa vyumba hukiita rana, kutoka neno la Kiingereza "runner", na ukikaa nao wakueleze kazi yake utaelewa kwamba hakikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyelala. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajalala.

Tazama saa ya kwanza ya mgeni chumbani. Ametoka safari, viatu vina vumbi. Begi lake lenye magurudumu limeburutwa stendi nzima, na sasa analipandisha kitandani alifungue kwa sababu ndipo penye nafasi. Anaketi ukingoni ajibu simu, halafu anajilaza chali na viatu vyake, miguu ikielekea kwenye televisheni. Baadaye inakuja trei ya chipsi na kuku, naye anakula papo hapo. Katika vyumba vingi kiti ni kimoja tu, tena kimejaa nguo. Kitanda ndicho sebule, meza na kabati, na karibu yote hayo hufanyika upande wa miguuni. Kitambaa kile kimelazwa pale pale uchafu unapotua.

Zamani hakikuhitajika sana. Kwa miaka mingi vitanda vya hoteli vilifunikwa kitandiko kizito chenye maua na rangi za giza, ambacho kilificha madoa na mara nyingi hakikufuliwa kila mgeni alipoondoka. Mwaka 1999 hoteli za Westin za Marekani zilileta kitanda kilichoitwa Heavenly Bed, chenye tabaka juu ya tabaka za shuka na duveti nyeupe. Wageni walikipenda, na washindani wakafuata. Weupe una faida mbili. Mgeni anajionea mwenyewe kwamba kitanda ni safi. Na dobi anaweza kutumbukiza shuka za vyumba vyote katika mashine moja, kwa maji ya moto na dawa ya kung'arisha, bila hofu ya rangi kuchuja.

Lakini cheupe hakisamehe. Mchirizi mmoja wa kiwi ya viatu, na foronya nzima ya duveti inavuliwa. Kuivua na kuivisha tena ni kazi ya mikono na mgongo: unashika pembe mbili, unakung'uta, unanyoosha, unazunguka upande wa pili, unakung'uta tena, na vyumba vingine vinakusubiri. Hoteli za pwani zina adui wa ziada, hina. Mgeni akichorwa miguu jioni akalala kabla haijakauka vizuri, doa lake hung'ang'ania shuka hata baada ya kufuliwa mara kadhaa. Ukiweka kitambaa kimoja cha rangi iliyokoza mahali pa hatari, umeokoa shuka na umeokoa mgongo wa mtu.

Uzuri nao una nafasi yake. Chumba cheupe kitupu hufanana na wodi, na kitambaa chenye rangi ya pazia au ya nembo ya hoteli hukipa uhai kwa gharama ndogo kuliko kupaka ukuta rangi mpya. Hoteli zenye huduma ya jioni, mhudumu hupita kabla ya usiku, akakikunja na kukiweka pembeni, akafunua duveti kidogo. Hapo kazi ya kitambaa kwa siku hiyo imekwisha.

Sasa jambo ambalo ningependa kila msafiri alijue. Shuka na foronya hubadilishwa mgeni mmoja anapotoka na mwingine kuingia, lakini kitambaa hiki mara nyingi hakifuliwi kila siku. Baadhi ni vya mahameli, vina bitana ndani, haviwezi kuvumilia dawa kali. Kwa hiyo usimfunike nacho mtoto, wala usikilalie uso. Wekea miguu, kalia, kisha kiondoe kabla ya kulala. Wakati wa Uviko-19 hoteli kadhaa ziliviondoa kabisa pamoja na mito ya urembo, na mimi naona zilifanya vizuri. Begi nalo, ikiwa chumbani pana kigoda cha mizigo, liweke huko, kwa sababu kitambaa hakizuii kunguni.

Wenzetu wa Unguja na pwani ya Kenya wamepata jibu ambalo nalipenda kuliko mahameli yote. Katika baadhi ya hoteli zao hutandika kikoi au kanga miguuni. Kanga moja ina urefu wa kama sentimita 150, haifiki ubavu hadi ubavu wa kitanda cha sentimita 180. Lakini doti ambayo haijakatwa ina kama mita tatu. Ikunje mara moja kwa urefu, na ule upana wa kama sentimita 110 unabaki 55. Ilaze kitandani, inaning'inia sentimita 60 kila upande. Ni pamba tupu, inafuliwa asubuhi, inaanikwa, mchana imekauka. Na mhudumu anayejua kanga huikunja ili jina lisipotee ndani, akaligeuza lielekee mlangoni, mgeni alisome kabla hajatua begi.