Manbhum: wimbo wa mavuno uliowapeleka watu jela

Kila ninapofundisha habari za maandamano ya Dhaka ya 1952, ya kudai Kibengali kiwe lugha rasmi ya Pakistan, wanafunzi wangu hudhani huko ndiko Wabengali walikoanza kuipigania lugha yao. Huwa nawavuta kwanza hadi Manbhum, upande wa India, wilaya ya wakulima ambayo vitabu vingi vinairuka.

Mwaka 1912 Waingereza waliimega kutoka Bengal, wakaitia katika jimbo la Bihar na Orissa. Wakazi wengi walikuwa wasemaji wa Kibengali. Baada ya uhuru wa 1947, serikali ya Bihar ikazidi kuwabana kwa Kihindi, shuleni na maofisini. Wanachama wa pale wa Congress, chama kilichotawala India wakati huo, wakiongozwa na Atul Chandra Ghosh, walilalamika ndani ya chama mpaka wakachoka. Mwaka 1948 wakajitoa na kuunda chama chao, Lok Sevak Sangha.

Silaha yao ndiyo inayonivutia. Mpunga ukishavunwa, katika mwezi wa Poush wa kalenda ya Kibengali, wasichana wa Manbhum huimba nyimbo za Tusu, sikukuu ya mavuno, jioni baada ya jioni. Katikati ya Januari hubeba choudal, kijumba cha fito za mianzi na karatasi za rangi, wakaenda nacho mtoni huku wakiimba. Lahani ni zilezile, maneno hubadilika: leo shida za ukweni, kesho vijembe kwa kijiji cha pili. Basi mwaka 1954 watu wa Lok Sevak Sangha wakatia humo madai ya lugha yao. Hotuba unaweza kuipiga marufuku. Wimbo ambao kila bibi anaujua utauzuiaje? Serikali ilijaribu. Waimbaji wakatiwa ndani, akiwemo Bhajahari Mahato, mtunzi aliyekuwa mbunge, na Labanya Prabha Ghosh, mke wa Atul Chandra.

Mapema 1956 likazuka wazo la kuunganisha Bihar na West Bengal, sehemu ya Bengal iliyobaki India, yawe jimbo moja. Kulipinga, Aprili 20 watu kama elfu moja, wanawake kwa wanaume, waliondoka kijiji cha Pakbirra, Manbhum, kwa miguu kuelekea Kolkata, mji mkuu wa West Bengal, mwendo wa kilomita 300 hivi. Walifika Mei 6, jua la kiangazi likiwa kali, na kesho yake wakakamatwa. Wazo la muungano lilikuwa limekwisha kuachwa siku chache kabla.

Novemba 1 mwaka huo Purulia, sehemu ya Manbhum, ikawa wilaya ya West Bengal. Ila si Manbhum nzima. Dhanbad, penye makaa ya mawe, ilibaki Bihar, pamoja na Wabengali wake.