Skrini ya simu kwenye gari la spoti: dhana potofu na ukweli wake

Mwaka jana rafiki yangu alinipitia Mbezi Beach na Subaru Impreza WRX STI yake, tukaenda harusini Bagamoyo. Gari lilikuwa na miezi michache tu tangu lishuke kutoka Japani. Injini safi, gia zinaingia bila kulazimishwa. Ila katikati ya dashibodi kulikuwa na skrini inayoandika Kijapani kitupu, ramani yake yote ni ya Japani, na redio inaishia 90 kwa sababu FM ya kule ilipangwa kuanzia 76 hadi 90. Kwa hiyo simu iliyokuwa inatuelekeza nyumba ya harusi aliibana katikati ya mapaja. Alipokata kona ya pili ikamponyoka, ikateleza mpaka chini ya pedali ya breki. Ilibidi niiname kuichomoa gari likiwa linatembea.

Tangu siku ile, nikisikia watu wanabishana kama gari la spoti linahitaji skrini inayounganishwa na simu, naona swali lenyewe limekaa vibaya. Simu imeshapanda gari. Kilichobaki ni kuamua ikae wapi na ipewe kazi gani. Na yanayosemwa kuhusu jambo hili, mengi si kweli.

"Gari la spoti la kweli ni injini na usukani, mengine ni ya magari ya familia"

Historia inakataa. Apple ilipoizindua CarPlay, mfumo unaoleta ramani na muziki wa iPhone kwenye skrini ya gari, mwezi Machi 2014 kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, kampuni tatu zilizotangulia kuionyesha zilikuwa Mercedes-Benz, Volvo na Ferrari. Ferrari iliileta ndani ya FF, gari la silinda 12. Android Auto, mfumo kama huo kwa simu za Android, ilifuata mwaka 2015. Mwaka 2020 Porsche ikaanza kuuza redio zake yenyewe zenye CarPlay kwa ajili ya magari yake ya zamani, zikiwemo zinazoingia kwenye tundu la redio la 911, gari lake maarufu la spoti, za miaka ya 1960. Kampuni inayolinda heshima ya 911 kama mboni ya jicho isingefanya hivyo kama wenye magari hayo hawataki.

Ni kweli yapo magari yanayopunguzwa kila kitu ili yawe mepesi. Porsche Boxster Spyder ya 2015 ilitoka bila redio na bila kiyoyozi. Lakini hata hapo mnunuzi aliruhusiwa kuomba virudishwe, bila kuongeza hela.

"Mfumo wa kiwandani ni bora, simu ni ya kubahatisha"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi, hasa sisi tunaonunua magari yaliyokwishatumika.

Gari huchorwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa, likauzwa miaka mingine mingi, kisha likaishi mikononi mwa watu wawili au watatu. Simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na programu zake husasishwa kila mara. Ukiifungia ramani ndani ya gari, umeifunga kwenye umri wa gari.

Chukua Nissan GT-R R35. Ilionyeshwa Tokyo Oktoba 2007, mwaka uleule iPhone ya kwanza ilipotoka, na imeendelea kutengenezwa mpaka Agosti 2025. Hebu fikiria simu uliyokuwa nayo 2007! Bodi ya gari lile bado inatamanisha, na injini yake bado inaogopewa. Skrini haikuweza kuvumilia kiasi hicho. Nissan yenyewe iliibadilisha katikati ya safari. Au tazama Aston Martin DB11 ya mwaka 2016. Mfumo wake wa skrini ulitoka Mercedes, tena wa kizazi kilichokuwa kinapita, na watu waliolipa fedha nyingi kununua gari lile walilalamika kwamba umechakaa ungali mpya. Aston Martin ilipata mfumo wake yenyewe mwaka 2023, kwenye DB12.

Kuna na suala la mtandao. Mwezi Februari 2022 kampuni ya simu ya AT&T ilizima 3G yake Marekani. Magari mengi yaliyokuwa na laini ya 3G ndani yake yalipoteza huduma zake za mtandao siku hiyohiyo, ingawa yalikuwa hayana ubovu wowote. Aliyekuwa anatumia ramani ya simu hakupoteza kitu.

Ferrari wamelielewa hili kuliko wengi. Purosangue yao ya mwaka 2022 haina kabisa ramani ya kwake. Ukitaka kuelekezwa, unganisha simu. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa busara zaidi kufanyika kwenye dashibodi za magari haya kwa miaka mingi.

"Skrini ni ya muziki na ramani, haihusiani na kuendesha"

Kwenye GT-R ileile, kurasa za skrini zilichorwa na Polyphony Digital, watengenezaji wa michezo ya video ya mbio za magari. Zinamwonyesha dereva mgandamizo wa turbo, joto la oili, na nguvu inayomvuta kwenye kona. Na kule Japani, ambako gari lilifungwa lisizidi kilomita 180 kwa saa, GPS yake ilipotambua kwamba liko kwenye uwanja wa mbio unaokubalika, dereva aliweza kuifungua ile kufuli kupitia skrini hiyohiyo.

Corvette ya 2015, gari la spoti la Marekani, ilikuja na kinasa kilichotengenezwa na kampuni ya Cosworth: kamera juu ya kioo cha mbele, na juu ya picha unaona kasi, gia, umekanyaga mafuta kiasi gani na umefunga breki wapi. Unatoa kadi ya kumbukumbu, unakwenda kujitazama nyumbani. Porsche nao wana programu ya simu inayoungana na gari na kukupimia muda wa kila mzunguko. Dereva anayejifunza, hasa asiye na uwezo wa kumlipa mwalimu, anafaidika hapa kuliko kwa kuongezewa nguvu za farasi.

"Mradi iko kwenye dashibodi na si mkononi, ni salama"

Hapa ndipo naomba usikilize vizuri.

Mwaka 2020 taasisi ya utafiti wa usafiri ya Uingereza, TRL, iliwapima madereva wakiwa wanatumia mifumo hii. Waliokuwa wanagusa skrini ya CarPlay walichelewa kushtuka na kuchukua hatua kwa asilimia 57 zaidi ya kawaida. Kwa Android Auto ilikuwa 53. Waliotumia amri za sauti walichelewa kwa asilimia 36 kwenye CarPlay na 30 kwenye Android Auto. Vipimo vya awali vilikuwa vimeonyesha kwamba pombe ya kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Uingereza humchelewesha dereva kwa asilimia 12. Rudia kusoma namba hizo taratibu.

Miaka miwili baadaye jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi nne ndogo za dashibodi wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Ndani ya Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vitupu, walimaliza kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Ndani ya MG Marvel R yenye skrini kubwa ya kugusa walitumia sekunde 44.9, mita 1,372. Zaidi ya kilomita nzima, macho yakienda barabarani na kurudi.

Gari la spoti halikupi nafasi hiyo. Limekaa chini, chemchemi zake ni ngumu, linatikisika, na kidole kinachoitafuta alama kwenye kioo laini kinaikosa mara tatu. Ndiyo maana sikubaliani na kampuni zinazohamishia hewa, taa na mpangilio wa gari kwenye skrini kisha zikajisifu kwamba dashibodi imekuwa safi. Mazda MX-5 ilionyesha njia nyingine kwa kuweka kirungu cha kuzungusha karibu na gia, mkono unakifikia bila kutafuta. Ferrari, waliokuwa wamejaza sehemu za kupapasa kwenye usukani, walirudisha vitufe vya kubonyeza kwenye Amalfi ya 2025. Na Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka kuona vitufe halisi vya indiketa, taa za hatari, honi, waipa na wito wa dharura kwa gari linalotafuta alama za juu.

"Ukichomeka simu umewafungulia wadukuzi injini"

Kwenye CarPlay na Android Auto kazi inafanyika ndani ya simu. Skrini ya gari inaonyesha picha na kurudisha miguso yako. Udukuzi uliotikisa dunia mwaka 2015, pale watafiti wa usalama wa kompyuta Charlie Miller na Chris Valasek walipoiteka Jeep Cherokee ikiwa barabarani, haukupitia simu ya mtu. Ulipitia laini ya mtandao iliyojengwa ndani ya gari lenyewe. Magari milioni 1.4 yaliitwa yarekebishwe, na gari la spoti la Dodge Viper lilikuwemo.

"Gari la zamani, ukifunga redio ya Android umemaliza"

Hujamaliza. Mimi nilifungiwa moja na fundi aliyekata nyaya za kiwandani kwa koleo na kuzifunga tepu. Vitufe vya sauti vya usukani vikafa, spika za kushoto zikanyamaza, na kila nikizima gari redio inasahau saa. Ilinibidi nitafute upya soketi ya kuunganishia, ile inayochomeka bila kukata waya hata mmoja, na kumlipa fundi mwingine arudishe kilichokatwa. Kabla hujatoa hela uliza mambo matatu: soketi ya gari lako ipo? Vitufe vya usukani na kamera ya nyuma vitafanya kazi? Na je, redio ina kirungu halisi cha sauti, au ni kioo kitupu?

Rafiki yangu wa STI aliyauliza yote kabla ya kufunga yake. Tulipokwenda tena Bagamoyo simu ilikuwa imefungiwa kwenye kisanduku cha katikati, ramani iko kwenye skrini, mpangilio ameumaliza tukiwa bado tumesimama Mbezi. Hakuanza kwa kunionyesha ramani. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye kile kirungu, akaniambia nikizungushe huku natazama mbele.