Roki ya indie katika ukumbi mdogo: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukumbi mdogo, wenye spika chache na watazamaji wasiozidi 300, hauwezi kuyadhuru masikio kama uwanja mkubwa. Ukweli ni kwamba udogo wenyewe huongeza hatari. Ngoma na matoazi huvuma bila msaada wa kipaza sauti, na katika chumba chenye dari fupi na kuta ngumu mvumo huo hurudi ndani badala ya kupotea. Sauti ya gitaa hupandishwa ili isimezwe na ngoma, kisha ya mwimbaji hupandishwa ili isimezwe na vyote viwili, huku msikilizaji akiwa hatua chache tu kutoka jukwaani. Kwa kipimo kinachotumiwa kulinda wafanyakazi, desibeli 85 za ukali wa sauti huvumilika kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hukata muda huo kwa nusu, hata zikifika 100 zinabaki dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizitaka kumbi zisivuke wastani wa desibeli 100 na ziwape wasikilizaji vizibo vya masikio.

Wapo wanaokataa vizibo wakidai vinaharibu muziki. Hilo lina ukweli kwa vile vya sponji, ambavyo hufifisha zaidi sauti nyembamba, lakini vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki hupunguza sauti zote karibu kwa usawa. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti hazioti tena kwa binadamu zikishakufa, kwa hiyo mlio unaobaki masikioni baada ya onyesho ni onyo la kuzingatiwa.

Wengi pia huitambua bendi ya indie, yaani bendi huru isiyotegemea kampuni kubwa za rekodi, kwa gitaa lenye mikwaruzo, ilhali kilichozitenganisha bendi hizi tangu awali ni nani anayegharamia na kusambaza kazi. Buzzcocks, bendi ya Manchester, walitoa wenyewe rekodi yao ya kwanza mwaka 1977 kwa fedha za kukopa, na orodha ya mauzo ya indie iliyoanza Uingereza Januari 1980 iliangalia njia ya usambazaji, si aina ya muziki.

Uhuru huo una gharama, na hapo huzuka dhana kwamba kiingilio chote humwendea mwanamuziki, au kwamba mwenye ukumbi ndiye anayekula faida. Mara nyingi kiingilio hulipa kwanza fundi mitambo ya sauti, walinzi na matangazo, kisha kinachosalia hugawanywa kwa makubaliano. Mwenye ukumbi naye hana nafuu kubwa: takwimu za mwaka 2023 za Music Venue Trust, shirika linalotetea kumbi ndogo za muziki, zilionyesha kwamba asilimia 38 ya kumbi ndogo za Uingereza zilipata hasara. Anayetaka kuisaidia bendi moja kwa moja na anunue santuri au fulana mezani kwao, ingawa baadhi ya kumbi hukata sehemu ya mauzo hayo pia.

Kuhusu mahali pa kusimama, mstari wa mbele haushindi kwa usikivu. Spika kuu mara nyingi hulenga nyuma ya mstari huo, hivyo aliye mbele husikia ngoma na amplifaya huku maneno ya mwimbaji yakififia. Fundi mitambo husawazisha kila chombo kwa kadiri anavyokisikia alipo, na aliye karibu na meza yake ya mitambo husikia muziki ule ule anaousikia yeye.