Maana ya "hali ya zinki" kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, na inavyohusiana na moyo na sukari

Hali ya zinki ni jibu la swali moja: je, madini ya zinki yaliyopo mwilini yanatosha kazi zake? Zinki iliyomo kwenye chakula ni jambo jingine, na namba inayotoka maabara ni jambo la tatu. Mambo haya matatu yakichanganywa, mwanamke hupewa ushauri usiomfaa.

Mtu mzima ana takriban gramu 2 za zinki, nyingi zikiwa kwenye misuli na mifupa. Kwenye plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, haifiki hata asilimia 1. Tena mwili hauna akiba ya zinki ya kuchota wakati wa uhaba kama ulivyo na akiba ya chuma kwenye ini, kwa hiyo inabidi iingie mara kwa mara kupitia chakula.

Kiasi kinachohitajika hutegemea aina ya mlo. Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, walikadiria miligramu 3.0 kwa siku pale zinki inapofyonzwa vizuri, 4.9 inapofyonzwa kwa wastani, na 9.8 inapofyonzwa kwa shida. Kinacholeta tofauti hiyo kubwa ni fitati, kemikali iliyomo kwenye nafaka zisizokobolewa, kunde na mbegu. Fitati huikamata zinki tumboni, nayo hutoka na choo.

Wataalamu hupima athari hiyo kwa uwiano wa fitati na zinki kwenye mlo. Gawanya miligramu za fitati kwa 660, gawanya za zinki kwa 65.4, kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Uwiano ukizidi 15, ufyonzaji ni duni. Chukua mlo wa siku wa dona, maharage na mboga wenye miligramu 2,000 za fitati na 8 za zinki: uwiano unakaribia 25. Fitati ikipungua nusu, unashuka hadi kama 12, bila kuongeza chakula chochote. Kuhamia sembe si suluhisho, kwa sababu kukoboa huondoa fitati pamoja na sehemu kubwa ya zinki yenyewe.

Njia zinazofaa zimo jikoni tayari. Uji wa kuchachua na togwa hupunguza fitati, maana uchachu huamsha vimeng'enya vinavyoivunja. Kimea cha ulezi hufanya vivyo hivyo: loweka nafaka usiku kucha, mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi ziote, anika zikauke kabisa, saga. Zisipokauka vizuri huota ukungu, na hizo ni za kutupa. Ukitumia mtama, pukuta machipukizi na mizizi kabla ya kusaga, kwa sababu yana kemikali inayozalisha sianidi. Maharage yaloweke na umwage maji yake, ingawa kuloweka peke yake hakupunguzi fitati kama kuotesha. Nyama ya ng'ombe hata gramu 60 huongeza karibu miligramu 3 za zinki inayofyonzwa kirahisi, na dagaa wanaoliwa wazima pia wanasaidia.

Sasa kipimo cha damu. Kwa mwanamke asiye na mimba aliyepimwa asubuhi kabla ya kula, chini ya mikrogramu 70 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Akipimwa asubuhi akiwa amekula, mpaka ni 66, na mchana ni 59. Mimba hushusha zinki ya plazma, na vidonge vya uzazi wa mpango vilevile. Maambukizi nayo huishusha, kwa kuwa mwili huhamishia zinki kwenye ini, ndiyo maana inafaa protini ya CRP, ambayo hupanda mwili unapopambana na maambukizi, ipimwe pamoja. Kinyume chake, vumbi, kizibo cha mpira au chembe za damu zilizopasuka huongeza zinki kwenye sampuli na kuficha upungufu.

Kwa upande wa moyo na sukari, uhusiano upo. Kongosho huhifadhi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ikiwa imefungamana na zinki, na kimeng'enya kimojawapo kinacholinda seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni kinahitaji zinki. Lakini tahadhari inahitajika hapa. Unene huleta hali ya mwili kujihami muda wote kana kwamba una maambukizi, nayo hushusha zinki ya plazma; kisukari huongeza zinki inayopotea kwenye mkojo. Mwanamke mwenye sukari ya juu na zinki ya chini huenda upungufu huo umeletwa na ugonjwa, wala si chanzo chake. Kwa hiyo zinki haichukui nafasi ya kupima kiuno, shinikizo la damu, sukari kabla ya kula na mafuta ya damu. Kwa mwanamke, lehemu nzuri (HDL) chini ya miligramu 50 kwa desilita ni dalili ya hatari hata zinki ikiwa sawa.

Vidonge vitumike kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Kikomo cha mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, chakula kikihesabiwa. Vile vya miligramu 20 vinavyotolewa kwa watoto wanaoharisha, mwanamke akimeza viwili kila siku anakuwa amefika kikomo kabla hajala. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia madini ya shaba kufyonzwa, na dozi kubwa sana zimeonekana kushusha hiyohiyo lehemu nzuri.