Sajini kwenye dawati la wanagenzi: tunayoyaamini vibaya kuhusu kuhama jeshi

Dada yangu alinipigia simu saa tatu usiku, niko ndani ya matatu Lang'ata Road, akaanza bila salamu: "Kaka, wamemshusha." Aliyeshushwa ni mwanawe. Kijana alipata grini kadi, akaingia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, akafundishwa kutengeneza helikopta za Black Hawk, akapanda hadi usajini. Mwaka huu amehamia Air National Guard, kikosi cha akiba cha upande wa anga, kwenye ndege za mizigo za C-130. Picha aliyoituma kwenye grupu ya familia ilimwonyesha darasani huko Sheppard, Texas, amezungukwa na vijana ambao ndevu hazijaota vizuri. Mama mtu akatazama picha, akatoa hukumu.

Mimi sijawahi kuvaa kombati. Ni fundi wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, na usiku ule ilinibidi nieleze mambo kwa sauti hadi kondakta akanigeukia. Wiki nzima iliyofuata jamaa, majirani na watu wa kanisa la dada walileta maswali yaleyale.

Dhana: ukirudishwa darasani, umeshushwa cheo

Nadhani kwa familia yetu hofu hii ina mizizi ya Eastleigh, Nairobi. Tulikulia karibu na kambi ya wanahewa, na wazee walisimulia jinsi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Jeshi la Wanahewa la Kenya lilivyovunjwa, likawekwa chini ya Nchi Kavu na kuitwa '82 Air Force, hadi liliporudishiwa jina lake mwaka 1994. Kwa mtu aliyekua na hadithi hiyo, kubadilishiwa sare kunanuka adhabu.

Ukweli ni kwamba jeshi la Marekani huweka vitu vinne kwenye mafaili tofauti: cheo, fani, kiwango cha ujuzi na miaka ya utumishi. Unapohama, havianguki pamoja. Mpwa wangu alikuwa daraja la malipo la E-5, na E-5 amebaki. Tena kwa jina amepanda: E-5 wa Nchi Kavu ni sajenti, yaani sajini, wa upande wa anga anaitwa stafu sajenti. Kilichorudi chini ni kiwango cha ujuzi peke yake, kwa sababu fani ni mpya.

Si wote wanaobahatika hivyo. Wapo wanaokubali kushuka daraja kwa sababu kikosi wanachokitaka hakina nafasi ya cheo chao, au wanabaki na cheo lakini tarehe ya kukihesabu inaanza upya, na foleni ya kupanda inakuwa ndefu. Hayo hujulikana kabla ya kutia saini. Mtu hashtukizwi nayo darasani.

Dhana: kiwango ni kiwango, kila jeshi linakitambua

Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa, na kijana mwenyewe ndiye aliyenichorea.

Kule Nchi Kavu alikuwa 15T20. Hiyo 15T ni fani, fundi wa Black Hawk. Tarakimu inayofuata ni kiwango cha ujuzi: 1 kwa praiveti hadi spesholisti, 2 kwa sajenti, 3 kwa stafu sajenti. Yaani kiwango kinatembea na cheo. Siku unayoshonewa mistari mipya ya cheo, namba nayo inabadilika.

Upande wa anga hesabu ni nyingine kabisa. Fundi wa ndege za mizigo anaweza kuwa 2A551, na alama ya nne, ukihesabu na ile herufi, ndiyo kiwango: 1 ni msaidizi, 3 ni mwanagenzi, 5 ni fundi anayejitegemea, 7 ni fundi bingwa, 9 ni msimamizi. Namba 3 unaipata ukimaliza chuo. Namba 5 unaifuata kazini, chini ya mkufunzi, huku kila kazi uliyojifunza ikitiwa saini kwenye rekodi yako, na kwa kawaida huchukua kama mwaka. Namba 7 huja baadaye, ukiwa tayari E-5. Cheo na kiwango vinasukumana: bila 5 hupandishwi kuwa stafu sajenti, bila 7 hupandishwi daraja linalofuata. Lakini si kitu kimoja.

Kwa hiyo kuuliza "ile 2 yake ya zamani ni ngapi huku" ni kupima kitambaa kwa ratili. Ile ya kwanza ilisema yeye ni kiongozi wa daraja gani. Hii ya pili inasema anaruhusiwa kuachiwa nini mkononi.

Na hicho cha mkononi ni kalamu. Ndege ya kijeshi ya Marekani ikiwa na kasoro inayoifanya isiwe salama kuruka, kwenye fomu yake huwekwa alama ya X nyekundu. Anayeweza kuifuta alama hiyo kwa saini yake ni mtu aliyeidhinishwa kwa jina, na kwa kawaida ni wa kiwango cha 7 kwenda juu. Stafu sajenti mwenye kiwango cha 3 anaweza kuwa na mistari mingi mkononi kuliko kijana aliye kando yake mwenye 5, lakini kwenye kasoro ndogo zisizo na X nyekundu, kijana ndiye anayetia saini na stafu sajenti ndiye anayeshika spana.

Hapo sikuhitaji kufundishwa. Wilson tunaishi hivyo. Leseni inayotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga huandikwa aina za ndege unazoweza kuziidhinisha. Mwenzangu mmoja alitengeneza ndege ndogo za Caravan miaka kumi na mitano, zile zinazobeba watalii kwenda Mara. Ungemwamsha usiku wa manane angekutajia kila boliti. Alipoingia kampuni yenye ndege kubwa zaidi za Dash 8 alikaa darasani, akafanya mitihani, na kwa miezi kadhaa nilimwona kwenye hanga akimshikia tochi kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Kijana ndiye alikuwa na saini ya Dash 8. Mzee alikuwa anamwonyesha pa kumulika, na kijana alikuwa anasikiliza. Sikumwona yeyote pale akisema mzee ameshushwa.

Dhana: ujuzi wa zamani unatupwa

Kiasi tu, na inategemea unahama kutoka wapi kwenda wapi.

Mpwa wangu anajua kukaza nati kwa kipimo, kufunga boliti kwa waya ili zisilegee, kusoma mwongozo wa kiufundi bila kurukaruka, na kuhesabu vifaa vyake kabla ya kufunga boneti. Hayo mkufunzi akiyaona mara moja anayatia saini na kuendelea, na ndiyo maana anayebadilisha fani akiwa na uzoefu hupewa muda mfupi wa kufikia kiwango kuliko aliyetoka mtaani. Asiyoyajua ni ya C-130 yenyewe: injini nne zenye propela, kabini inayojazwa shinikizo la hewa. Black Hawk haina kabini ya shinikizo. Kuna mlango mzima wa elimu ambao hakuwahi kuufungua.

Dereva wa lori anayehamia kitengo cha kompyuta hana hata hizo nati. Huyo anaanza alifu kweli.

Kinyume chake kipo. Mwaka 2022 vikosi vya Nchi Kavu vilivyokuwa vikiendesha setilaiti za mawasiliano vilihamishiwa Kikosi cha Anga za Juu, kile kilichoundwa Desemba 2019. Mitambo ileile, kazi ileile, sare mpya. Waliohama namna hiyo walikwenda na kazi yao kichwani.

Ushauri niliompa kijana, na ambao ningempa yeyote: vyeti vya kiraia vinasafiri kuliko namba za jeshi. Muuguzi wa vitani wa Nchi Kavu hutakiwa cheti cha taifa cha huduma ya dharura, kwa hiyo akihama nacho ana pa kuanzia. Fundi wa ndege mwenye uzoefu wa kazi wa miezi 30 kwenye bodi na injini anaweza kuomba kufanya mitihani ya leseni ya mamlaka ya anga ya Marekani, na muda wa jeshini unahesabika. Nilimwambia aifanye kabla hajasahau. Alisema "sawa mjomba" kwa ile sauti ya vijana.

Dhana: mshahara nao unarudi chini

Jedwali la malipo ni moja kwa majeshi yote ya Marekani: unatafuta daraja lako, unavuka hadi safu ya miaka. Miaka uliyotumikia tawi lingine inahesabiwa. Hakuna safu ya kiwango cha ujuzi, kwa hiyo E-5 mwenye kiwango cha 3 na E-5 mwenye 7, wakiwa na miaka sawa, wana mshahara wa msingi sawa. Kinachoweza kupungua ni marupurupu ya fani fulani. Katika hali ya mpwa wangu kuna jingine ambalo dada hakuliuliza, nami nikaliacha: akiba ni kazi ya wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, na malipo ni ya siku unazotumikia. Akimaliza mafunzo atahitaji kazi nyingine ya kila siku.

Dhana: lazima urudie ukuruta

Ukienda kwa Marines, ndiyo, hata ungekuwa umetumikia kwingine miaka minane: wiki 13 na kupigiwa kelele kama wengine. Marine akihamia Nchi Kavu, kwa kawaida harudii. Upande wa anga nao aghalabu humpokea mwenye utumishi bila kumrudisha kwenye gwaride la mwanzo, anakwenda moja kwa moja chuo cha fani. Ndiyo maana mpwa wangu yuko darasani na vijana, lakini hafungwi na saa za kulala na kuamka walizopangiwa wao.

Dhana: sajini wa KDF, jeshi la Kenya, akipata grini kadi ataingia kule kama sajini

Swali hili liliulizwa na jirani wa dada huko Umoja, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Kahawa, na alikuwa na matumaini, kwa hiyo nilijibu polepole. Utumishi wa jeshi la nchi nyingine hauhesabiwi, si kwa cheo wala kwa miaka ya mshahara. Anaanza kama raia yeyote, na umri nao una kikomo. Kinachoweza kumsaidia mtu wetu kuingia juu kidogo ni digrii: Nchi Kavu huweza kumwandikisha mwenye shahada kama spesholisti, E-4, mradi ile ya kutoka nje iwe imetathminiwa kule kwanza. Uafisa unataka uraia, na uraia wenyewe unaweza kuombwa kupitia utumishi. Mzee alinywa chai yake, akasema basi atampa mwanawe habari hizo.

Dhana: afisa uandikishaji akikuahidi, imekwisha

Mpwa wangu aliahidiwa kwa mdomo kwamba angeingia na kiwango cha 5 "kwa sababu ya helikopta". Alinitumia mkataba niutazame. Nilitafuta neno hilo kurasa zote na viambatisho vyake, halimo. Fani imo, daraja limo, muda umo. Alirudi akauliza, wakamwambia kiwango hakiandikwi mkatabani, hutoka kwenye mafunzo. Walikuwa sahihi, ila wangesema mapema. Na kabla ya yote hayo tawi la zamani lilipaswa kukubali kwa maandishi kumwachilia, kwa fomu inayoitwa DD 368, nayo ilizunguka mezani kwa watu miezi mingi.

Jumapili alipiga simu ya video. Mikono ilikuwa myeusi kwa grisi hadi kwenye kiwiko, akatuonyesha mstari wa kwanza kwenye rekodi yake uliotiwa saini: kubadilisha gurudumu. Dada akamuuliza kama sasa wamemrudishia cheo. Kijana akanitazama mimi kwenye skrini.