Mtihani wa Biashara wa KCSE: Yanayosemwa na Yanayoleta Alama

Somo la Biashara, nambari 565 kwenye orodha ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya), linajulikana shuleni kwa mambo mawili: eti ni jepesi, na notisi zake haziishi. Kutokana na hayo mawili watahiniwa hurithishana imani kutoka bweni moja hadi jingine. Nitapitia zile zinazowagharimu zaidi.

"Ni somo la domo. Jaza kurasa, alama zitakuja."

Hii ndiyo mama wa zote. Karatasi ya pili ina maswali sita, nawe unajibu matano, kila moja likiwa na alama 20, mara nyingi kwa vipande viwili vya alama kumi kumi. Ukiambiwa ueleze hoja tano kwa alama kumi, basi kila hoja ina alama mbili: moja ya kuitaja, nyingine ya kuifafanua. Utangulizi mrefu wa "biashara ni shughuli yoyote ile..." hauna fungu lake hapo, kama swali halikuuliza maana.

Chukua swali la kwa nini wenye maduka madogo hununua kwa wauzaji wa jumla. Mtahiniwa mmoja anajibu kwamba hupewa bidhaa kwa mkopo, kisha anaongeza kuwa jambo hilo ni zuri sana na huisaidia biashara kuendelea. Nyongeza hiyo haijaeleza kitu. Unaweza kuibandika kwenye hoja yoyote ya somo zima. Mwenzake anaandika kwamba hupewa bidhaa kwa mkopo, hivyo mwenye mtaji mdogo hujaza rafu leo na kulipa akishauza. Maneno ni machache, na alama zote mbili ziko pale. Ukitaka kujipima, funika hoja kwa kidole usome ufafanuzi peke yake. Kama huwezi kujua unafafanua hoja gani, bado hujafafanua. Angalia pia usihesabu hoja moja mara mbili: "bei nafuu" na "gharama ya kununua hupungua" ni kitu kimoja kilichobadilishiwa nguo.

Maswali ya kutofautisha yana mtego wake. Ukisema kampuni ya umma huuza hisa kwa umma ukaishia hapo, umeeleza upande mmoja tu. Malizia: ya binafsi hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake. Pande zote mbili lazima zizungumzie jambo lile lile. Usilinganishe hisa za huku na idadi ya wanachama wa kule.

Karatasi ya kwanza ni kinyume chake. Maswali 25 kwa saa mbili ni chini ya dakika tano kwa kila swali, na mengi yanataka utaje tu. Anayefafanua hapo anajinyima muda.

"Soma notisi mara nyingi, zitaingia zenyewe."

Zinaingia kweli, ila hazikai. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha likajaribu mara tatu kuandika liliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tu waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 40, huku waliojijaribu wakikumbuka takriban 61. Ndiyo sababu kurudia kusoma kunadanganya: jioni ile ile unajiona umeiva.

Kwa Biashara njia ni rahisi. Andika swali juu ya karatasi tupu, funga daftari, toa hoja tano na sababu zake, halafu fungua usahihishe kwa kalamu nyingine. Rudia baada ya siku chache, si usiku ule ule. Mweleze pia mama au mwenye duka la mtaani kwa Kiswahili, atakuuliza "kwa nini?" haraka kuliko mwalimu. Lakini mazoezi ya kuandika yafanye kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani.

Kuhusu kupaka notisi rangi: daftari hupendeza.

"Maswali ya mwaka huu yanajulikana."

Kila muhula wa tatu huzuka karatasi za utabiri. Karatasi ya kwanza haina uchaguzi, na maswali yake hutapakaa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa hiyo mada za ofisi na biashara ya rejareja ulizozidharau ukiwa mdogo zinakusubiri. Ya pili inakuruhusu kuacha swali moja tu. Mitihani ya zamani ina faida, bali soma mwongozo wa kusahihisha baada ya kujibu. Ukiusoma kabla, unajifunza kukubaliana nao tu.

"Biashara haina hesabu."

Ina leja, kitabu cha fedha, hesabu ya faida na hasara, mizania (taarifa ya mali na madeni ya biashara, ambayo pande zake mbili lazima zilingane), fahirisi za bei. Kosa linalorudi kila mara ni la asilimia ya faida. Bidhaa iliyonunuliwa kwa shilingi 80 na kuuzwa 100 ina faida ya asilimia 25 ukipima kwa bei ya kununulia, na asilimia 20 ukipima kwa bei ya kuuzia. Kabla ya kugawa, soma swali limetaka ipi.

Katika karatasi ya pili una saa mbili na nusu, yaani nusu saa kwa swali. Mizania isipolingana, iache uende swali linalofuata. Alama hutolewa kwa kila ingizo sahihi, kwa hiyo tarakimu moja iliyopotea haifuti kazi iliyobaki.