Programu ya kusoma wakati wa likizo si tuisheni

Likizo ya Juni inapokaribia, wazazi wengi hapa Mtwara wakisikia "programu ya kusoma" hudhani ni tuisheni: mwalimu, ubao, ada na mtihani. Sivyo. Tuisheni hufundisha somo. Programu ya kusoma humpa mtoto kitabu anachokipenda na muda wa kukisoma. Ndiyo maana haihitaji mwalimu mwenye cheti. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, bibi msimulizi wa hadithi na mkeka chini ya mwembe vinatosha kuanzia.

Kazi kubwa ni kuchagua vitabu. Mtoto wa darasa la pili akipewa kitabu cha darasa la tano, atakariri kurasa za mwanzo kisha akiache. Mwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti; akikwama kwenye maneno matano hivi, mpe chepesi zaidi. Akitaka kurudia kilekile, mwache, maana kurudia humjengea wepesi wa kusoma. Na kwa watoto wanaozungumza Kimakonde nyumbani, kama kule Newala na Tandahimba, anzeni kwa kuzungumzia picha kwa lugha yao, ndipo msome Kiswahili. Nalisisitiza hili kwa sababu inaniuma kuona mtoto akikemewa kwa neno ambalo hajawahi kulisikia.

Nusu saa kila asubuhi ina faida kuliko saa tatu za Jumamosi moja. Zawadi si lazima. Daftari la kuazimisha ni lazima: jina, kitabu, tarehe. Bila hilo, vitabu vitapotea kabla shule hazijafunguliwa.